Rangi za daladala na mabasi ya Dar es Salaam: zinasema nini, na kwa nini hubadilika

Msikilizaji anayefika Dar es Salaam kutoka mkoani siku hizi hushukia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Louis. Akitoka nje ya geti na mzigo wake, anakutana na mabasi madogo kwa makumi. Wapiga debe wanaita majina ya vituo kwa pamoja. Ukitazama vizuri utaona kwamba mengi ya mabasi hayo ni meupe, na ubavuni kila moja limepita mkanda wa rangi: wengine bluu, wengine kijani, wengine nyekundu na njano. Mkanda huo haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Ni maandishi ya aina yake, na anayejua kuyasoma hapotei kirahisi.

Makala haya yanaeleza rangi hizo zilitoka wapi, zinafanya kazi gani, nani hulipa zinapobadilishwa, na mgeni azitumieje.

Kwa ufupi

- Mkanda wa rangi kwenye daladala unaonyesha njia ambayo gari limepewa leseni kuifanya.
- Kibao cha mbele kinaweza kubadilishwa kwa sekunde chache. Rangi haibadilishwi barabarani, na ndiyo sababu mamlaka huipenda.
- Njia ikibadilishwa, gari hupakwa upya, na gharama ni ya mwenye gari. Dereva na konda nao hukosa kipato kwa siku ambazo gari liko gereji.
- Mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi, yana rangi ya kwao, na rangi hiyo haionyeshi njia.
- Rangi ni msaada tu. Kabla ya kupanda, soma jina la njia au uliza.

Zamani rangi ilimtaja mwenye basi

Kabla na baada ya Uhuru, abiria wa Dar es Salaam walibebwa na kampuni moja iliyoitwa Dar es Salaam Motor Transport, iliyojulikana kwa kifupi kama DMT. Serikali iliitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa mara mbili: Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilichukua mabasi ya mjini, na KAMATA ikachukua mabasi ya mikoani.

Wakati huo mabasi yote ya mjini yalikuwa ya mwenyewe mmoja, kwa hiyo rangi ilikuwa na kazi moja tu, kumwambia abiria kwamba hili ni basi la UDA. Basi lilikwenda Magomeni, Temeke au Ilala, hilo lilisomwa kwenye kibao. Wazee wa mjini bado wanayakumbuka Ikarus, mabasi marefu kutoka Hungaria yaliyounganishwa katikati, ambayo watu waliyapa jina la kumbakumba kwa sababu yalizoa abiria wote kituoni.

Miaka ya mwisho ya 1970 mambo yaligeuka. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikala fedha za nchi, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikakosekana. Mabasi ya UDA yalizidi kuegeshwa kwa ubovu, huku mji ukiendelea kukua kuelekea Kinondoni, Temeke na kwingineko. Watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kificho, maana sheria haikuruhusu. Nauli yao ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, kutokana na neno dola. Konda alipoita "dala, dala", jina likabaki mpaka leo.

Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Ndipo yalipoenea magari madogo ya mizigo yaliyofungwa mabenchi nyuma, abiria wakikaa wakitazamana kama watu walio mezani. Waliyaita chai maharage. Biashara ilipofunguliwa zaidi, yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani: Hiace ndogo, ambazo watu walizipa jina la vipanya, kisha DCM na Coaster.

Sasa wenye magari walikuwa wengi, na kila gari lilikuwa na rangi lililokuja nayo. Mengine yalikuwa na maandishi ya Kijapani ubavuni, majina ya shule au hoteli ambazo hakuna abiria aliyezijua. Basi la krimu na basi la kijivu yangeweza kuwa yote ya Tandika, na mabasi mawili yanayofanana kabisa, moja likaenda Kawe na jingine Mbagala. Rangi haikumwambia abiria chochote.

Mkanda ulikuja kufanya nini

Mamlaka za leseni ziliagiza kila daladala lipakwe mkanda wa rangi ya njia yake na kuandikwa majina ya mwanzo na mwisho wa njia. Usimamizi wa kazi hiyo baadaye ulikwenda SUMATRA, na tangu mwaka 2019 uko kwa LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini.

Sababu ya kwanza ni abiria. Mtu asiyejua kusoma, mzee ambaye macho yamechoka, au mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo mkononi, anaweza kulitambua basi lake likiwa bado liko mbali. Ana muda wa kujiandaa kabla halijasimama. Kituoni penye watu wengi, muda huo mfupi ndio unaoamua nani atapata nafasi na nani atabaki.

Sababu ya pili ni udhibiti, na kwa mamlaka pengine ndiyo kubwa zaidi. Daladala nyingi huendeshwa kwa mtindo wa hesabu: dereva humpelekea mwenye gari kiasi fulani cha fedha kila siku, hununua mafuta, na kinachobaki ndicho chake na konda wake. Hana mshahara wa kutegemea. Foleni ikiwa kubwa upande wa njia yake, au abiria wakiwa wachache saa ya mchana, kishawishi ni kuhamia njia nyingine yenye abiria wengi, au kukatisha safari katikati na kugeuza. Abiria wa mwisho wa njia, huko Chamazi au Bunju, ndio wanaoachwa barabarani.

Kibao cha mbele hakizuii jambo hilo, kwa kuwa konda anaweza kuwa navyo viwili chini ya kiti. Lakini mkanda umepakwa kwenye bati. Gari lenye rangi za njia ya Temeke likionekana likipakia abiria wa Tegeta, trafiki na mkaguzi hawahitaji kulisimamisha ili wajue. Hata abiria anaweza kuuliza, "Mbona rangi zenu si za huku?"

Kwa nini rangi hazitoshi

Chukua rangi 8 ambazo mtu anaweza kuzitofautisha kwa mbali: nyeupe, nyeusi, nyekundu, bluu, kijani, njano, rangi ya chungwa na zambarau. Ukitumia rangi moja kwa njia moja, unapata njia 8 tu. Ukitumia rangi mbili, moja juu na nyingine chini, unapata michanganyiko 56. Inaonekana mingi, lakini katika hiyo 56 yumo bluu juu ya njano na njano juu ya bluu. Basi likipita kasi, nani atakumbuka ipi ilikuwa juu? Ukiondoa mifanano hiyo, inabaki 28.

Dar es Salaam ni mji wa watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya mwaka 2022, na njia zake ni nyingi kuliko hapo. Kwa hiyo rangi peke yake haiwezi kumaliza kazi, na maandishi lazima yawepo.

Kuna matatizo mengine matatu. La kwanza ni jua. Rangi nyekundu hupauka mapema kuliko nyingi, na kwenye mji wa jua kali na hewa ya chumvi mkanda mwekundu unaweza kuishia kuwa wa waridi. La pili ni usiku: chini ya taa za njano za barabarani, nyeupe na njano hukaribiana, na bluu huonekana kama nyeusi. La tatu ni macho yetu wenyewe. Wapo watu, wengi wao wanaume, waliozaliwa bila uwezo wa kutofautisha nyekundu na kijani. Kwao mikanda hiyo miwili ni mmoja.

Zaidi ya hapo, ubavu wa daladala una wapangaji wengi. Kuna matangazo ya kampuni za simu, picha za wachezaji, nyekundu ya Simba au kijani na njano ya Yanga, na misemo ya mwenye gari au ya dereva, kama ule wa "Kazi mbaya ukiwa nayo". Misemo hiyo ina utamu wake, na watu wengi huijua daladala yao kwa msemo kabla ya namba. Lakini tangazo likifunika mkanda, abiria mgeni amepoteza alama yake.

Nani analipa rangi ikibadilika

Njia za daladala hazikai mahali pamoja miaka yote. Kituo kikihamishwa, njia zake zote huguswa. Ndivyo ilivyokuwa stendi ya daladala ya Mwenge ilipohamia Makumbusho, na ile ya Ubungo ilipohamia Mawasiliano, panapojulikana kama Simu 2000. Mitaa nayo huzaliwa: palipokuwa na mashamba ya mikorosho sasa pana nyumba, na watu wanahitaji basi.

Njia ikibadilika, gari linakwenda gereji. Fundi hukwangua mkanda wa zamani, hupiga msasa, huziba mikwaruzo, hupaka rangi ya chini, hufunika vioo na matairi kwa magazeti, kisha hupuliza rangi mpya kwa kompresa. Ikikauka huandikwa majina ya njia. Fundi anayeharakishwa huruka hatua ya msasa, na hapo baada ya miezi michache mkanda mpya hubanduka na wa zamani huchungulia chini yake. Gari la namna hiyo lina rangi za njia mbili, na abiria hajui aamini ipi.

Gharama ya rangi na fundi ni ya mwenye gari. Wengi wao si matajiri wenye magari mengi. Ni watu wenye gari moja au mawili, wengine wamelinunua kwa mkopo. Lakini kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Siku gari likiwa gereji hakuna hesabu, na dereva na konda hawaleti kitu nyumbani. Ndiyo maana agizo la kubadili rangi, ambalo ofisini linaonekana dogo, kijiweni huzua maneno makali. Mara nyingi madereva hawana ubishi na rangi yenyewe. Wanachotaka kujua ni muda waliopewa, na kama njia hiyo haitabadilishwa tena baada ya mwaka mmoja.

Mwendokasi: kurudi kwenye rangi ya mwenye basi

Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kubeba abiria kati ya Kimara, Morocco, Kariakoo na Kivukoni. Wakala wa Serikali unaosimamia ni DART, na kampuni iliyoanza kuendesha ni UDART, iliyotokana na UDA ile ile ya mwaka 1974. Nauli ya kuanzia kwenye njia kuu ilikuwa shilingi 650.

Mabasi hayo yalikuja kutoka China yakiwa ya bluu, mengine marefu yaliyounganishwa katikati kama Ikarus za zamani. Yote yalifanana. Basi la Morocco na basi la Kimara lilikuwa na bluu moja, na tofauti ilisomwa kwenye maandishi ya taa juu ya kioo cha mbele. Kwa maneno mengine, mji ulirudi ulikotoka: rangi inamtaja mwendeshaji, si njia.

Kwa abiria aliyezoea mikanda, mabadiliko hayo yalileta shida. Mtu aliyekuwa akiitambua daladala yake kwa mbali sasa alilazimika kusoma maandishi yanayowaka na kuzimika, au kuuliza mlinzi wa kituo. Yule asiyejua kusoma alipoteza msaada aliokuwa nao. Upande wa pili, vituo vya mwendokasi vina majina yaliyoandikwa makubwa, na basi haliwezi kutoka kwenye njia yake likaingia mtaa mwingine, kwa hiyo haja ya mkanda wa kulichunga haipo.

Mwendokasi ulipoanza, daladala zilizokuwa zikipita Barabara ya Morogoro hadi mjini ziliondolewa na kupangiwa njia nyingine. Hayo yalikuwa magari mengi kubadilishwa rangi kwa wakati mmoja. Jambo hilo litajirudia kwa kadiri mradi unavyopanuka: awamu ya pili ni Barabara ya Kilwa hadi Mbagala Rangi Tatu, ya tatu ni Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto, na ya nne ni Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Kila awamu inapofunguliwa, daladala za barabara hiyo zinahitaji njia mpya, mara nyingi za kulisha vituo kutoka mitaa ya ndani.

Wenzetu wamefanyaje

Unguja wanatumia namba. Daladala namba 505 inakwenda Uwanja wa Ndege, na 502 inakwenda Bububu. Namba ni rahisi kukumbuka, hazipauki, na zinatosha kwa njia zozote utakazoongeza. Lakini lazima mtu azijue tarakimu.

Kenya walichukua rangi moja kwa wote. Chini ya kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo watu waliziita kanuni za Michuki kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa njano kuizunguka, pamoja na kidhibiti mwendo na mikanda ya viti. Mstari huo haukuonyesha njia. Ulionyesha kwamba gari ni la abiria. Michoro ya matatu za Nairobi ilipungua, kisha ikarudi miaka kumi baadaye Serikali ilipoiruhusu. Kampala nako, taksi za abiria wengi ni nyeupe zenye miraba ya bluu ubavuni, kwa maana hiyo hiyo.

Mji uliotumia rangi kwa mpango mkubwa ni Seoul, Korea Kusini. Mwaka 2004 mabasi yake yaligawanywa kwa kazi: bluu kwa njia ndefu za kukatiza mji, kijani kwa mabasi ya mitaani yanayolisha treni, nyekundu kwa yanayotoka miji ya pembeni, na njano kwa yanayozunguka katikati ya mji. Hapakuwa na rangi kwa kila njia. Rangi ilimwambia abiria aina ya safari, na namba ikamwambia njia. Kwa Dar es Salaam, ambako mabasi makuu na mabasi ya kulisha yanazidi kutenganishwa, mfano huo una la kufundisha.

Rangi nyingine za kujua barabarani

Namba za gari nazo zina rangi. Gari la mtu binafsi lina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Gari la biashara, ikiwamo daladala na teksi, lina kibao cheupe chenye maandishi meusi. Gari lenye kibao cha njano likikuita upande kwa nauli, jua kwamba halijasajiliwa kwa kazi hiyo, na likipata ajali unaweza kusumbuka na bima.

Basi la njano zima kwa kawaida ni la wanafunzi. Usilisimamishe.

Ukifika Dar kwa mara ya kwanza

1. Kabla ya kusafiri, mpigie mwenyeji wako akutajie vitu vitatu: jina la njia, rangi za mkanda, na jina la kituo cha kushukia. Rangi za njia hubadilika, hivyo usitegemee alizokutajia ndugu aliyetoka mjini miaka mitano iliyopita.
2. Tazama mkanda kwanza, kisha soma majina ya njia ubavuni na mbele. Vikipingana, usipande kabla hujauliza.
3. Muulize konda, si mpiga debe. Mpiga debe hulipwa gari likijaa, na haendi na wewe.
4. Uliza kama gari linafika mwisho wa njia. Ukiambiwa linageuzia katikati, amua kabla ya kulipa.
5. Kumbuka namba ya gari. Ukisahau mzigo, namba itasaidia kuliko rangi, kwa sababu yenye rangi hiyo ni mengi.
6. Usiku, usiamini rangi. Soma au uliza.

Anayempeleka mgonjwa Muhimbili au Mloganzila ajue kwamba kupanda basi lisilo lake kunaweza kumgharimu saa mbili kwenye foleni. Kuuliza mara mbili hakugharimu kitu.